Hiyo "get" ya wageni wako

Mjini, Unguja

Shoga yangu Asha,

Assalaam alaykum. Sie wazima, mama anakusalimia sana. Barua nimeipata, na hongera kwa kazi ya mapokezi hapo Chake, Pemba.

Unasema "get" ya Kiingereza inakutoa jasho, maana skuli tulifunzwa ni "kupata", basi. Usihangaike kuhifadhi maana zake, haziishi. Wewe tazama kinachofuata. Mgeni akisema "get a towel", anataka taulo, hiyo ni kupata. Likifuata neno la hali, hali imegeuka: "get tired" ni kuchoka, "get wet" ni kurowa. Yule aliyekwambia "I got seasick" hakupata kitu, masikini. Bahari imemlevya kwenye mkondo wa Nungwi. Pakitajwa mahali, ni kufika: "get to Wete".

Lakini naona hasa iliyokuchanganya ni ile ya shati. "Can I get my shirt washed?" Hakuombi beseni wala sabuni, shoga! Anataka afuliwe. Sisi tunasema "kufuliwa", yamekwisha. Wao vitenzi vyao havinyumbuliki hivyo, basi "get" ndiyo inayobeba mzigo. Ndiyo ile ile ya "get bitten", kuumwa na mbu, na mbu wa hapo nawajua.

Kwenye safari, daladala, boti na ndege ni "get on" na "get off". Teksi na mtumbwi ni "get in" na "get out". Chombo unachoweza kusimama ukatembea ndani, sema "on", ijapokuwa daladala zetu kusimama wima ni bahati yako.

Mmarekani atasema "I've gotten", Muingereza "I've got", wala usimsahihishe yeyote. Ila Muingereza akisema "I've got a key", mara nyingi maana yake anao ufunguo, si kwamba kapewa sasa hivi. Na neno lenyewe wameliazima kwa watu wa Skandinavia waliohamia kwao zaidi ya miaka 1000 nyuma, halafu sie tunaambiwa Kiswahili kimejaa maneno ya watu!

"Get lost" usimtamkie mgeni hata kwa mzaha. Ni kumfukuza.

Ukimwandikia meneja, iache "get". Tumia "receive" au "arrive", barua itakaa vizuri zaidi.

Zikikushinda nyengine, niandikie kama ulivyozisikia, usizipange upya. Nisalimie wifi na watoto.

Shoga yako,
Maryam