Nyungunyungu Anatosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyelalamika, katika toleo lililopita, kwamba miradi ya vikundi kuhusu wanyama inayofanywa na wanafunzi wa madarasa ya chini ni mchezo wa kupoteza muda, na kwamba mwalimu mwenye chaki mkononi angeimaliza mada hiyo kwa kipindi kimoja. Nimefundisha madarasa hayo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba nusu ya lawama zake ni za haki.

Miradi mingi kweli haichunguzi kitu. Kundi hili hupewa simba, lile tembo, jingine nyangumi; watoto hunakili aya kutoka kwenye intaneti, hubandika picha kwenye bango, kisha mmoja wao husimama mbele na kusoma maneno ambayo yeye mwenyewe hayaelewi. Mwenye mwandiko mzuri huandika kila kitu, na wenzake hushika gundi. Hapo pana kundi na pana mnyama, ila swali halipo.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuanza na mnyama ambaye mtoto anaweza kumtazama kwa macho yake na kumjaribu bila kumuumiza, kama vile konokono, kiwavi au nyungunyungu. Simba tutabaki kusimuliwa habari zake tu.

Mwaka jana watoto wanne darasani kwangu walitaka kujua kama nyungunyungu anapenda giza. Walitandika karatasi iliyoloweshwa ndani ya boksi, wakalifunika nusu yake, wakamweka nyungunyungu katikati. Baada ya dakika chache alikuwa amejivuta hadi gizani. Walirudia mara tatu, naye akaenda huko huko, wakashangilia wote isipokuwa mmoja, mtoto mpole asiyezoea kusema, ambaye alizigusa pande zote mbili za karatasi kwa kidole na kusema, "Lakini huku kumekauka."

Ukazuka ubishi mkali. Upande wa wazi ulikuwa umepigwa na hewa na kupoteza maji, na kwa kuwa nyungunyungu hupumua kupitia ngozi ambayo sharti iwe na unyevu, huenda alikuwa akifuata maji wala si giza. Ikawabidi waloweshe pande zote sawasawa na kuanza upya. Safari hii pia alielekea gizani, ila sasa walikuwa na haki ya kulisema hilo. Mtoto aliye peke yake angeridhika na jaribio la kwanza; ni mwenzake aliyemkatalia. Mimi nilinyamaza tu, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko kufundisha.

Anayeyaona haya kuwa ya kitoto akumbuke kwamba Charles Darwin, mwanasayansi maarufu wa Uingereza, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1881, alieleza jinsi nyungunyungu walivyopigiwa filimbi na piano nyumbani kwake, jamaa zake wakimsaidia. Hawakujali sauti hata kidogo; lakini vyungu walimokaa vilipowekwa juu ya piano lenyewe na noti ikapigwa, walirudi shimoni papo hapo, kwa kuwa waliuhisi mtetemo.

Yapo masharti, bila shaka. Kazi ya kuandika izunguke kwa kila mtoto, mikono ioshwe kwa sabuni, na mnyama arudishwe alikotolewa siku hiyo hiyo. Alama nazo zitolewe kwa swali na kumbukumbu za daftarini, wala si kwa rangi za bango. Nimeona mabango maridadi mno ambayo hayakuwa na jambo hata moja lililoonwa na aliyeyachora.

Kuhusu muda, msomaji wako hakukosea: kazi ile ya giza na unyevu ilikula vipindi vinne. Katika kipindi cha nne, walipokuwa wakimrudisha nyungunyungu udongoni, mmoja aliuliza anajuaje kuna mwanga ikiwa hana macho. Jibu, kwamba ngozi yake ina seli zinazohisi mwanga, lilikuwa katika kitabu kilichokaa kabatini tangu mwanzo wa muhula, na walikifuata wenyewe kabla sijafungua kinywa.

Wako,
Mwalimu wa darasa la tatu