Kabla hujapanda gari kwenda Augusta

Portland, Maine

Mama Furaha mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku pwani, na poleni na theluji ya Lewiston. Nimeupata ujumbe wako pamoja na ile picha ya WhatsApp yenye maandishi mekundu, "Maine imepitisha sheria mpya ya shule, amkeni!" Picha imekatwa juu, namba ya mswada haionekani. Ila chini kabisa, ukiikuza, kuna tarehe ya kamati kupokea maoni ya wananchi. Basi haijapita. Kamati haipokei maoni kuhusu kitu ambacho kimeshakuwa sheria. Aliyetunga maneno mekundu ama hakusoma, ama amesoma na ameona hofu inasambaa haraka kuliko habari.

Unaniuliza kama mwende Augusta, kwenye bunge la jimbo, na wamama wa kanisani, na mkifika mseme nini. Nendeni. Kutoka Lewiston ni kama dakika arobaini. Lakini kabla ya kupanga gari, tafuteni kwanza hiyo namba. Kila mswada wa Maine una herufi LD na tarakimu. Ukiiandika kwenye tovuti ya bunge la jimbo utapata maandishi yenyewe, majina ya waliouleta, kamati uliyopelekwa na umefika wapi. Mswada usio na namba ni uvumi tu mpaka namba ipatikane.

Kuusoma si kugumu hata kwa Kiingereza cha kuokotea. Maneno yaliyopigwa mstari kwa chini yanaongezwa kwenye sheria, yaliyokatwa kwa mstari katikati yanaondolewa. Yasiyo na mstari wowote ni sheria ya zamani inayobaki ilivyo, na hapo ndipo watu hujikwaa: wanapiga kelele juu ya sentensi iliyopo tangu zamani. Mwishoni kuna aya ya muhtasari. Isome, lakini usiishie hapo, maana muhtasari hauna nguvu ya sheria.

Chukua LD 798 ya mwaka 2019, ile ya chanjo. Huku kwetu ilisemwa kwamba serikali itachanja watoto kwa nguvu. Mswada wenyewe uliondoa msamaha wa kidini na wa kifalsafa katika masharti ya chanjo ya kuingia shule, kuanzia shule za watoto hadi vyuo, na kwa wafanyakazi wa vituo vya afya. Msamaha wa kitabibu ukabaki, na tarehe ya kuanza ikawa Septemba 1, 2021. Mzazi aliyepinga alikuwa na hoja nzito kabisa ya kupinga hapo, ya imani na ya haki ya mzazi. Lakini aliyesimama mbele ya kamati akazungumzia kuchanjwa kwa nguvu alijibiwa kwa sentensi moja, "hilo halimo," na dakika zake zikaenda na maji.

Kuna aina moja ya mswada itakayokuchanganya: unaufungua, unakuta hakuna kifungu hata kimoja, ni aya moja ya wazo tu. Maandishi kamili huja baadaye, mara nyingine karibu sana na siku ya kamati. Ukikutana na wa namna hiyo, mpigie karani wa kamati umuulize maandishi yatatoka lini. Makarani wa Augusta wanapokea simu na hawana makuu.

Sasa kamati. Kwa kawaida ina watu 13, maseneta 3 na wawakilishi 10, wa mabaraza yote mawili wakiwa meza moja. Jambo zuri la Maine, ambalo majimbo mengi hayana, ni kwamba mswada unaoletwa kwa kawaida hupata siku yake ya kusikilizwa. Mwanzoni mwa kikao siku hiyo hutangazwa mapema, ila kuelekea mwisho, Mei na Juni, mambo huenda mbio na tangazo linaweza kukukuta umeshapangiwa zamu kazini. Atakayeshindwa kwenda aandike tu. Kuna fomu kwenye tovuti: unachagua kamati, tarehe na mswada, unaweka karatasi yako. Pia inawezekana kusema kwa Zoom ukijiandikisha mapema.

Fomu itakuuliza uko upande gani: unaunga mkono, unapinga, au huko wala huku. Hapa watu wengi huteleza. Unapinga au unaunga mkono MSWADA, si jambo linalotajwa ndani yake. Kama mswada unaondoa haki unayoitaka, wewe ni mpinzani, hata kama moyoni unajiona mtetezi. Ukibofya vibaya, jina lako litahesabiwa upande wa pili.

Siku yenyewe, ikiandikwa 10:00 ni saa nne yetu ya asubuhi, na fikeni mapema kwa sababu mlangoni kuna ukaguzi. Anaanza mwenye mswada, wanafuata wanaomuunga mkono, kisha wapinzani, mwisho wasio na upande. Kwa hiyo mpinzani hungoja sana. Mswada wa utoaji mimba, LD 1619 wa mwaka 2023, ulisikilizwa kuanzia Mei 1, na watu waliendelea kusema usiku kucha mpaka alfajiri. Bebeni chakula, na mwenye mtoto mdogo atafute wa kubaki naye.

Kila mtu hupewa kama dakika tatu, na mwenyekiti hukata. Dakika tatu za Kiingereza ni karibu maneno 400, yaani karatasi moja na kidogo. Mtakaosema kwa Kiswahili na mkalimani pembeni, gaweni kwa mbili na mpunguze kidogo: andikeni maneno 170 hivi, msizidi, kwa sababu kila sentensi inasemwa mara mbili. Muulizeni karani siku chache kabla kama mkalimani anaweza kupangwa au mje na wenu, na kama muda utaongezwa. Msimtume mtoto akalimani. Atakwama kwenye neno la kisheria, nanyi mtakwama naye.

Mpango wa maneno ni huu. Waamkie kwa vyeo, seneta na mwakilishi wanaoongoza kamati, kisha wajumbe. Sema jina, sema unaishi Lewiston. Taja LD na upande wako. Halafu ingia moja kwa moja: kifungu hiki, neno hili, litafanya nini kwa nani, na ungependa libadilishwe liwe nini. Hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote. Mtu mmoja aliyesema "mstari wa 14, badala ya 'lazima' wekeni 'anaweza'" huacha alama kwenye karatasi ya mchambuzi wa kamati. Watu ishirini waliosoma barua ileile iliyotungwa na chama fulani huhesabiwa kama barua moja. Dua na Maandiko vina nafasi yake, lakini msimalize dakika zote tatu huko. Ndani ya kile chumba kuna wenye dini nyingine na wasio na dini, na kura zao zina uzito uleule.

Sasa nisikilize vizuri, hapa sitanii. Hakuna sharti la uraia kusema mbele ya kamati. Anayeomba hifadhi anaweza kusema. Ila kila kinachosemwa hurushwa mtandaoni, na kila karatasi hubaki kwenye tovuti ikiwa na jina lako, mtu yeyote aisome, leo na miaka kumi ijayo. Kwa hiyo karatasi isiwe na namba ya faili la uhamiaji, wala anwani ya nyumba, wala jina la shule ya mtoto, wala habari za kesi. Unachosema pale kikipishana na ulichoandika kwenye maombi ya hifadhi, hata kwa tarehe tu, umejitafutia shida. Mwenye kesi amuulize wakili wake kwanza, na kama wakili anasita, basi mwenzenu mwenye uraia aseme jambo hilo bila kutaja jina la mtu.

Mkishasema msifikiri kazi imekwisha. Baada ya hapo kuna kikao cha kazi, mara nyingi siku nyingine kabisa. Unaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ila husemi mpaka uulizwe. Ndiko kisu kinakokata. Utaona herufi: OTP maana yake upite, OTP-AM upite ukiwa na marekebisho, ONTP usipite. Kamati nzima ikikubaliana ONTP, mswada kwa kawaida umekufa hapohapo. Ikigawanyika, ripoti zote huenda barazani. Na marekebisho ya Maine mara nyingi hufuta mswada wote na kuandika mwingine chini ya namba ileile. Nimeshaona jumuiya inaendelea kupinga kifungu kilichofutwa wiki tatu nyuma. Ile picha yako inaweza kuwa ya aina hiyo.

Barazani mswada hupigiwa kura zaidi ya mara moja, Baraza la Wawakilishi lenye watu 151 na Seneti yenye 35, na ni lazima mabaraza yakubaliane neno kwa neno. Ule wa chanjo ulikwama hapo kwa muda: Seneti kwanza ilitaka msamaha wa kidini ubaki, Wawakilishi wakakataa, mwisho Seneti ikageuka. Hizo siku za kurushiana ndizo za kumpigia simu mwakilishi wako. Gawanya watu wa Maine kwa 151, unapata watu wapatao 9,000 kwa kila mwakilishi. Si wengi. Simu kumi za watu wa mtaani kwake, kila mmoja kwa maneno yake, anazikumbuka. Asiye raia naye anaweza kupiga, kwa sababu mwakilishi ni wa wote wanaoishi pale.

Mswada ulioandikwa kuwa wa dharura unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 101 na 24, nao huanza kutumika mara moja. Wa kawaida unahitaji wingi tu, lakini hungoja siku 90 baada ya bunge kufunga kikao. Na ukigharimu fedha unawekwa kwenye meza ya matumizi ya Seneti kungoja bajeti, na huko miswada mingi mizuri na mibaya hufa kimyakimya bila mtu kuipinga. Ukiona wako umekaa pale, usishangilie upesi, wala usilie upesi.

Gavana ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi: atie saini, apige turufu (yaani aukatae), au aache tu na unakuwa sheria bila saini yake. Kama bunge limeshafunga anaweza kuushikilia mpaka likutane tena. Ndiyo maana LD 1971, ule wa Mwakilishi Deqa Dhalac unaoweka mipaka kwa polisi wa hapa kushirikiana na maofisa wa uhamiaji, ulipita Juni 2025 lakini watu wakakaa nusu mwaka hawajui wapo wapi. Desemba Gavana Mills akasema atauacha uwe sheria bila saini. Katikati hapo wapo waliotangaza umekufa, na wapo waliowaambia watu kwamba tayari unawalinda. Wote walikosea, na wa pili waliwaweka watu hatarini.

Hata baada ya gavana kuna mlango mmoja umebaki, turufu ya wananchi. Wanaotaka sheria iondolewe hukusanya sahihi ndani ya zile siku 90: asilimia 10 ya kura za ugavana zilizopita, na kwa hesabu ya 2022 ni sahihi 67,682. Zikitimia, wapiga kura wa jimbo zima wanaamua. Na swali huandikwa kinyume na mazoea: "Je, unataka kuikataa sheria hii?" Ndiyo maana yake iondoke. Mwaka 2009 Gavana Baldacci alitia saini sheria ya ndoa za jinsia moja, na Novemba yake aliyeipinga alitakiwa kuandika Ndiyo. Kama asilimia 53 waliandika hivyo, ikafa. Mwaka 2012 jambo lilelile likarudi kwa njia ya mapendekezo ya wananchi, na safari hii Ndiyo ilikuwa ya kuikubali, ikashinda. Neno moja, maana mbili, miaka mitatu tu katikati. Machi 2020 ile ya chanjo nayo ilipelekwa kwenye kura hiyohiyo ya turufu ya wananchi, na kama asilimia 73 wakasema Hapana, yaani ibaki. Wewe na mimi hatulioni suala la ndoa kwa jicho moja, tuliache hilo, lakini kila mtu apige kura aliyokusudia kuipiga.

Na hizo karatasi za sahihi, Mama Furaha, zinapopitishwa mlangoni mwa duka au baada ya ibada: anayetia sahihi ni lazima awe kwenye daftari la wapiga kura wa Maine, yaani raia. Kijana wa kukusanya sahihi hatakuuliza, yeye anataka idadi. Asiye raia akitia sahihi ameingia mahali pa kuonekana anajidai raia wa Marekani, na kosa hilo kwa watu wa uhamiaji halina msamaha wa kueleweka. Waambie wamama wote, na vijana wa kwaya zaidi, maana wao ndio wepesi wa kushika kalamu.

Basi nitumie ile picha ikiwa nzima, au mwambie aliyekutumia akupe namba. Nikiipata jioni hii nitakusomea vifungu kwa simu kabla hujaenda mkesha. Msalimie Baba Furaha, na mwambie tairi za majira ya joto hazifai kwa barabara ya Augusta mwezi huu.

Wako,
Mama Baraka