Parachichi kando ya lengalenga

Bwana Mhariri,

Katika soko la Kadutu hapa Bukavu, maparachichi hulainika juani mpaka yakatupwa, ilhali wazazi wengi huwanunulia watoto mayonezi ya kupaka mkate. Naona ni hasara. Gramu 100 za tunda hilo zina takriban gramu 15 za mafuta, mengi yakiwa ya aina isiyodhuru moyo, nyuzinyuzi karibu gramu 7, na madini ya potasiamu mengi kuliko ndizi mbivu.

Lakini faida inayosahauliwa zaidi ni nyingine: mboga za lengalenga na karoti zina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, navyo havifyonzwi vizuri pasipo mafuta, hivyo vipande vichache vya parachichi kando ya lengalenga zilizochemshwa kwa maji na chumvi tu, kama zinavyopikwa mafuta yanapokwisha nyumbani, huzifanya zimfae mtoto zaidi. Si dawa, na kwa kuwa lina nishati nyingi, nusu yake yamtosha mtu mzima kwa mlo mmoja. Mgonjwa wa figo aliyepunguziwa potasiamu amwulize kwanza daktari wake.

Wenu msomaji,
Kadutu, Bukavu