Tathmini ya hatari ianzie shambani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usalama wa chakula, jambo ambalo aghalabu tunalikumbuka watu wakishalazwa. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kilichochafuliwa na 420,000 hufariki, karibu theluthi moja yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Tathmini ya hatari, yaani kuchunguza mapema ni nini kinaweza kuwadhuru watu, ianzie shambani, na mkaguzi anayeishia kusoma daftari la mkulima hajakagua kitu. Autazame mkono wa mkamuaji: je, umenawa, au umetoka kwenye kiwele kilichovimba ukahamia kwa ng'ombe mzima? Aulize maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki juzi yamekwenda wapi, kwa kuwa mabaki ya dawa hizo hukaa ndani ya maziwa kwa siku kadhaa, na kuyachemsha hakuyaondoi yote. Kwenye ghala apime unyevu wa nafaka, kwani ikihifadhiwa kabla ya kukauka vizuri huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

Linalonisikitisha zaidi ni mfugaji mwenyewe kusahauliwa. Ng'ombe anapotupa mimba, yeye huzoa kondo kwa mikono mitupu, ilhali huenda mnyama huyo ana brusela, ugonjwa unaomwingia binadamu kwa njia hiyo hiyo na kumtesa kwa homa za kujirudia. Glavu na maelezo ya daktari wa mifugo viwe sehemu ya tathmini hiyo ya hatari.

Msomaji wako