Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa: Tupatieni asubuhi moja kwa mwezi sisi wanafunzi wazee

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA KUUNGANISHA MATEMBEZI YA WAZEE NA ZIARA ZA MAKUMBUSHO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila siku, kuanzia alfajiri hadi usiku, makonda wa Dar es Salaam hulitangaza jina la taasisi yako bila kukudai hata senti. "Makumbusho, Makumbusho, twende!" husikika katika vituo vya mji mzima, na abiria hushuka na kubadilisha daladala katika kituo kilichopewa jina la Kijiji cha Makumbusho, ilhali wengi wao hawajawahi kuingia ndani ya lango la kijiji hicho hata mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, ingawa nilifundisha historia katika shule za msingi kwa miaka zaidi ya 30. Niliingia nikiwa nimekwisha kustaafu, tena niliingia kwa miguu, nikiwa na wenzangu 12, na yaliyotokea siku ile ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Sisi ni kikundi cha wazee wa Temeke, wanawake na wanaume wenye umri wa kati ya miaka 60 na 82, tunaosoma pamoja kila Jumanne alasiri chini ya mkungu ulio nje ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Tunasoma historia, tunasoma magazeti kwa sauti, tunafanya hesabu za kikoba chetu, na wawili kati yetu walijua kusoma ukubwani. Jumamosi tunatembea. Mwanzoni mambo haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote: masomo yalikuwa ya kichwa, matembezi yalikuwa ya presha na sukari, kwa kuwa kila aliyekwenda zahanati alirudi na agizo lilelile la kuushughulisha mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata waliovuka miaka 65 wafanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, na kwa wenye magoti kama yetu mazoezi hayo maana yake ni kutembea tu. Vikundi vya jogingi vya vijana wanaokimbia huku wakiimba tunavipenda sana, lakini tunavipenda vikiwa vinapita.

Siku hiyo tulishuka Mwenge, tukatembea taratibu kufuata Barabara ya Bagamoyo hadi Kijiji cha Makumbusho, huku tukipumzika kila tulipokuta kivuli. Ndani, kati ya nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, tulifika kwenye msonge. Mzee mwenzetu aliyezaliwa Bukoba, ambaye darasani huweza kukaa kipindi kizima asiseme neno, aliegemeza fimbo yake mlangoni, akainama, akaingia. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alisimama gizani akituonyesha kwa kiganja: ndama hapa, moto hapa, bibi yake hapa, na yeye na ndugu zake pale kwenye majani. Alipotoka, mama mmoja wa Kizaramo alimbishia kuhusu ukubwa wa mlango, na ubishi huo ulianza kuwa somo, kwa sababu ilibidi kila mmoja aeleze nyumba ya kwao ilizuiaje mvua, iliingizaje hewa, na nani alikuwa na haki ya kukaa upande gani. Tulirudi kituoni tukiwa bado katika mjadala huo. Jumanne iliyofuata nilikuwa nimeandaa kipindi cha mambo mengine kabisa, nikakiacha.

Nimelitafakari jambo hili kama mwalimu, Ndugu Mkurugenzi, na nimeona kwamba darasani watu huongea na mwalimu, lakini njiani huongea wao kwa wao, wawiliwawili, ubavu kwa ubavu, bila kutazamana machoni, na mzee anayeona haya kuuliza swali mbele ya watu humuuliza aliye pembeni yake bila kusita. Swali lililozaliwa mbele ya kifaa cha kale hupata muda wa kukomaa katika hatua elfu moja zinazofuata. Kwa hiyo tunapoomba matembezi na makumbusho viunganishwe, hatuombi burudani mbili kwa safari moja. Tunaomba namna ya kufundishia ambayo tumeijaribu na tumeona inatufaa.

Wala namna hii si ngeni nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana kwa msaada wa kijitabu na kiongozi wa kikundi, kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Nilikuwa na miaka 19, mwalimu mwanagenzi, nikiongoza kikundi kimoja kijijini, na ninakumbuka vizuri kwamba somo lililobaki vichwani mwa watu hadi wiki iliyofuata lilikuwa lile lililoishia na jembe mkononi. Miaka 6 kabla ya hapo Mwalimu Nyerere alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana katika sehemu nyingi za nchi nao wakatembea. Mwenzetu mmoja aliyekuwa miongoni mwao bado huyasimulia malengelenge ya safari ile kwa fahari ya mtu anayesimulia harusi yake.

Njia tunayoiwazia katikati ya jiji ni hii. Tungekutana saa 12:30 asubuhi kwenye Sanamu ya Askari, ambayo wengi wa wazee wa mji huu tuliizoea kwa jina la Bismini, kabla jua halijawa kali na magari hayajaziba barabara. Pale pana somo la nusu saa lisilo na kiingilio, maana sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mahali palepale ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, na hadi leo bayoneti ya yule askari imeelekezwa bandarini. Kutoka hapo tungefuata Samora, ambayo ulimi ukiteleza baadhi yetu huiita bado Independence, hadi Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, tukapumzike chini ya miti yake, ndipo tuelekee lango la Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ni mwendo wa kama kilomita moja. Kijana ataumaliza kwa robo saa. Sisi tunahitaji saa nzima, na saa hiyo ndiyo darasa lenyewe.

Tukishaingia ndani hatutaki kuona kila kitu, na hili ninalisisitiza kwa sababu ndipo nia njema ya wenyeji wetu inapotuchosha zaidi. Tunaomba kitu kimoja, au viwili, kwa asubuhi moja. Mwezi mmoja uwe wa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Naomba uniamini kwamba hakuna watazamaji watakaoyaheshimu magego yale makubwa kuliko kikundi ambacho mmoja wa wajumbe wake amebakiwa na meno mawili. Mwezi mwingine uwe wa nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 iliyopita, za viumbe waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, baadhi yao wakiongozana bega kwa bega. Mtu akitaka somo la kuwapa wazee waliotoka kutembea kwa namna hiyohiyo, sijui atalipata wapi lingine linalowafaa zaidi. Magari ya viongozi wa zamani nayo yawe na asubuhi yake, ingawa ninatabiri kwamba wanaume wataongea kupita kiasi.

Sasa niseme yaliyotukuta kwingine, si kwa kulalamika, ila upime mwenyewe moyoni kama yanaweza kutokea kwako. Mwaka juzi tulisafiri hadi mkoa mwingine kutembelea jumba moja la historia ambalo sitalitaja. Malipo yalikuwa kwa namba ya kumbukumbu pekee, jambo ambalo sina ugomvi nalo, lakini kila mmoja wetu alitakiwa kutengenezewa namba yake, na hivyo wazee 11 walisimama juani wakiwa na simu 11, miwani ikipokezanwa, mtandao ukija na kuondoka, kwa muda wa dakika 40. Tulipoingia, kijana aliyetuongoza alikuwa mpole na mwenye kujua kazi yake, ila alikuwa amezoea makundi ya wanafunzi wa sekondari, akatupitisha vyumba vinne kwa mwendo wa kengele ya shule. Katika chumba cha tatu mama mmoja mwenye umri wa miaka 77 alikaa kwenye ukingo wa jukwaa la maonyesho kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Mlinzi alimwinua. Alikuwa na haki ya kumwinua, na mama yule aliomba radhi, lakini tangu siku hiyo kila tukipanga safari huuliza kwanza kama huko kuna viti, na jibu tusipokuwa nalo habanduki nyumbani.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni viti. Si lazima viwe vya kifahari. Viti 15 vyepesi vya kukunja, ambavyo mhudumu anaweza kuvihamisha kutoka chumba hadi chumba, vingebadili kabisa uwezo wa mzee kujifunza, kwa maana akili ya mtu anayetafuta mahali pa kuegemea haipo kwenye fuvu wala kwenye nyayo. Baada ya hapo tunaomba lango lifunguliwe saa 2 asubuhi katika Jumamosi moja ya mwezi, ili turudi makwetu kabla ya jua la mchana. Kiingilio hatuombi kifutwe, maana tumezoea kulipia tunachokithamini. Tunaomba tu kikundi kilipe mara moja kwa namba moja. Na tunaomba mwongozaji mmoja, yuleyule kila mwezi ikiwezekana, atakayekubali kuongea Kiswahili cha polepole, kukaa nasi, na kukatizwa. Karatasi ya maelezo yenye herufi kubwa itakuwa neema. Suala la vyoo vilivyo karibu sihitaji kulieleza kwa mtu aliye na wazazi.

Nasi hatuji mikono mitupu. Kati ya watu 13 wa kikundi chetu yumo fundi cherehani aliyeshona sare za vijana wa TANU, yumo aliyekuwa kuli bandarini, yumo mjukuu wa mfua vyuma ambaye anaweza kukuonyesha jinsi mivukuto inavyovutwa bila kuungua, na yumo mzee wa msonge niliyekueleza. Baadhi ya vitu mlivyovihifadhi nyuma ya vioo, wao walivishika. Wakiketi mbele ya kitu kimoja kwa saa nzima wataongea, na mhifadhi mwenye kinasa sauti mfukoni atapata maelezo ambayo hayamo katika daftari la kumbukumbu la kifaa hicho. Muda wa kuyapata maelezo hayo si mrefu, maana tangu tuanze kutembea tumekwisha kuwazika wenzetu wawili.

Nimechagua kuandika barua ya wazi, badala ya kuipeleka kwa karani wa masijala na kusubiri, kwa sababu ninajua vipo vikundi kama chetu katika miji mingine. Arusha, jumba la Azimio na lile Boma la Wajerumani lililo makumbusho ya viumbe viko katika mji mmoja, umbali ambao mzee mwenye fimbo anaumudu. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, Butiama kuna ya Mwalimu. Vyote hivi viko chini ya ofisi yako, na mwalimu wa elimu ya watu wazima atakayesoma barua hii katika mojawapo ya miji hiyo anaweza kupima njia yake mwenyewe Jumamosi ijayo, akahesabu vivuli na mahali pa kukaa, akakuandikia.

Wakati ofisi yako ikilitafakari ombi hili, sisi hatutasimama. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mvua isiponyesha, tutakuwa Sanamu ya Askari saa 12:30 asubuhi. Tunamkaribisha afisa yeyote utakayemtuma aje atembee nasi hadi Mtaa wa Shaaban Robert, hata kama lango litakuwa bado limefungwa tutakapofika. Avae viatu vya kawaida, na asituharakishe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wanafunzi wazee wa Temeke