Mashabiki hatujasusa, tumefungiwa geti

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kurasa zako za michezo tangu zikichapwa kwa rangi moja, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Mwaka ule mlipoandika kwamba tumefungwa mabao manne, wakati la nne lilikataliwa kwa kuotea, nilinyamaza. Mlipokosea jina la kapteni wetu msimu mzima, nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya wiki iliyopita, yenye picha ya jukwaa tupu na kichwa kinachosema klabu inakufa kwa sababu mashabiki wameisusa, nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, hadi mke wangu akatoka ndani kuuliza nagombana na nani.

Picha ni ya kweli, sibishi. Jukwaa lilikuwa tupu. Ila mpiga picha wenu angetoka nje ya ukuta akapiga picha ya upande wa pili, angetukuta sisi.

Mechi ilikuwa saa kumi. Mimi nilifika saa tisa na nusu, tiketi nimeshalipia tangu juzi yake. Uwanja ule una mageti sita. Lililofunguliwa ni moja, kwa kuwa klabu, tuliambiwa, haina hela ya kuwalipa walinzi wa mageti yote. Getini alikuwepo kijana mmoja na mashine moja ya kusomea tiketi, na mashine yenyewe ilikuwa haishiki mtandao. Basi kijana anaipokea simu ya mtu, anaielekezea mashine, taa inawaka nyekundu. Anarudi nyuma hatua mbili, anaiinua mashine juu ya kichwa kwa mikono miwili, anaizungusha taratibu, anaishusha, anajaribu tena. Nyekundu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaingia, mmoja mmoja, kwa kudra za Mungu. Saa kumi tukasikia kipyenga. Baadaye kidogo tukasikia kelele za bao, na hakuna kati yetu aliyejua ni la nani, kwa hiyo tukamkodolea macho yule kijana kana kwamba yeye anaona kupitia zege. Zamu yangu ilipofika akaniambia, "Mzee, hii imeshatumika." Imetumika na nani, mwanangu, wakati simu haijatoka mkononi mwangu? "Sogea pembeni kwanza, uwapishe wenzako." Nikasogea. Mfukoni nina kadi ya uanachama ya miaka 27, kona zake zimeshakuwa laini kama kitambaa, na nimesimamishwa pembeni kama mtu aliyekamatwa na jezi ya kuiba. Pembeni pale tulikuwa kama watu arobaini. Hao arobaini, Mhariri, kwenye hesabu yenu wamesusa.

Niliingia kipindi cha pili kimeshaanza. Mashine haikuwa imepona. Kijana alichoka akaliacha geti wazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mchezaji wetu wa akiba akipasha misuli, amevaa jezi ya mwenzake, na namba 4 imeongezwa mgongoni kwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vifundo vya miguu. Alipoanza kukimbia, ncha moja ya plasta ikabanduka, ikawa inapepea. Kijana wa watu hajalipwa miezi mitatu, na aliingia akacheza kama ana deni na sisi. Nilimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Hilo halikuandikwa.

Kilichoandikwa ni maneno ya uongozi, kwamba "mashabiki wa siku hizi hawana moyo". Sasa na mimi niseme la moyoni. Moyo wetu umepimwa kwa kipimo gani? Basi la timu lilipokwama barabarani, tawi letu lilichangishana siku hiyo hiyo na wachezaji wakafika ugenini. Tulipoombwa kununua jezi tulinunua, na kabla hatujaifua mara tano ikatoka nyingine, kwa sababu mdhamini amebadilika na nembo yake haiendani na ile rangi, na ya tatu ikaja kabla msimu haujaisha. Nyumbani kwangu kuna jezi tatu za msimu mmoja, na hakuna hata moja yenye kombe la kujivunia. Tulipoitwa kwenye mkutano mkuu tulienda, tukaukuta umeahirishwa. Tukaitwa tena, umeahirishwa. Sasa hatuitwi kabisa. Hesabu za klabu zilizokaguliwa mimi sijaziona, na sijakutana na mwanachama aliyeziona. Fedha za mauzo ya yule mshambuliaji wetu tunazisikia kama hadithi za mizimu, kila mtu ana jirani aliyewahi kuziona. Halafu mtu huyo huyo aliyetufungia vitabu anasimama mbele ya mwandishi wenu na kusema sisi ndio tumeiacha klabu, na mwandishi wenu anaandika, anaweka nukta, anaenda nyumbani kulala! Kuuliza swali moja tu, "Mishahara mmelipa lini mara ya mwisho?", kungemgharimu nini?

Yapo mambo ya wazi kabisa ambayo mwandishi wa michezo anapaswa kuyajua kuliko mimi. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinasema klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara yake ya miezi miwili, mchezaji ataiandikia notisi, ataipa siku 15 zisizopungua, na isipolipa anaruhusiwa kuvunja mkataba na kwenda zake. Maana yake kikosi chetu chote kinaweza kuondoka kihalali, bure, wiki chache zijazo. Hapo ndipo klabu inapofia. Inafia kwenye daftari la mishahara, jukwaa linakuja kuwa tupu baadaye.

Na kama mnadhani nazungumza kwa uchungu wa shabiki tu, tazameni wenzetu. Bury ya Uingereza ilianzishwa 1885, ikachukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, na fainali ile ya pili iliwapiga Derby County 6-0. Agosti 2019 ilifukuzwa kwenye ligi, miezi michache tu baada ya kupanda daraja. Mwenye nayo alikuwa ameinunua kwa pauni moja. Siku ile ile ya kufukuzwa mashabiki walikuwa uwanjani wanafagia na kusafisha viti, wakijiandaa kwa mechi ya mwisho wa wiki. Waliosusa ni wepi hapo, wenye mifagio?

Wimbledon nao, klabu ya huko huko Uingereza, mwaka 2002 waliruhusiwa kuhamishiwa mji wa Milton Keynes, kilomita kama 90 kutoka kwa watu wao. Watu wakakataa kuhama. Juni ya mwaka huo wakaita wachezaji kwenye eneo la wazi, yeyote anayejiweza ajaribiwe, wakaunda AFC Wimbledon yao, wakaanzia kwenye ligi za chini huko na kupanda mara tano ndani ya misimu tisa. Kufikia 2011 walikuwa wamerudi kwenye ligi za kulipwa. Union Berlin ndio walinitoa machozi nilipokisikia kisa chao: mwaka 2004 mashabiki walijitolea damu na kuipa klabu malipo waliyopata, na miaka minne baadaye zaidi ya 2,000 kati yao walishika koleo na saruji kuukarabati uwanja kwa mikono yao. Mwaka 2019 klabu hiyo ikapanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza. Klabu hufilisika, wamiliki hukimbia, lakini sijasikia bado habari ya mashabiki waliofilisika wakafutwa kwenye daftari la msajili.

Ila watu hao wote walipewa, au walijichukulia, haki ya kujua na kuamua. Sisi haki yetu ni kuchanga. Ujerumani utaratibu wao ni kwamba wanachama, ukiacha klabu chache zilizopewa msamaha, wanabaki na zaidi ya nusu ya kura hata mwekezaji akija na magunia ya fedha. Hapa kwetu mwekezaji akija, mwanachama anaombwa asogee pembeni awapishe wenzake.

Nikiwa hapo hapo, nisiposema hili la ratiba nitalala vibaya. Nani aliamua mechi zetu nyingine zichezwe Jumatano saa nane mchana? Najua jibu: televisheni. Saa kumi kuna mechi ya wakubwa, usiku kuna nyingine ya wakubwa, sisi wadogo tunabandikwa kwenye upenyo uliobaki kama kiraka. Shabiki wetu ni mtu wa kazi. Saa nane mchana yuko kazini, na akiomba ruhusa kila Jumatano mwisho wake ataomba na barua ya kuachishwa. Tena ratiba yenyewe hubadilika siku mbili kabla, na taarifa tunaipata kwa ofisa habari wa klabu, ambaye nadhani ndiye mtu pekee pale anayelipwa kwa wakati, maana sauti yake haijawahi kukauka. Halafu kamera zinapita juu ya viti vitupu na mtangazaji anasikitika, "Mwitikio si mzuri leo."

Sitaki kulalamika bila kutoa njia. Ninazo mbili.

La kwanza ni la mwenyekiti. Mechi ijayo ya nyumbani akae yeye getini na ile mashine, aiinue juu mwenyewe kutafuta mtandao, kuanzia saa tisa hadi kipyenga cha mwisho. Chakula cha wageni maalumu atawekewa.

La pili ni lenu, Mhariri, na halihitaji kikao cha mtu yeyote. Kila Jumanne mnachapisha msimamo wa ligi: mechi, kushinda, sare, kufungwa, magoli, pointi. Ongezeni safu moja mwishoni, kulia kabisa, yenye herufi SBM, siku bila mshahara. Wapigieni wachezaji wawili wa kila timu, majina yao yahifadhini, muandike namba. Timu iliyolipa mwezi huu ipate sifuri na isifiwe. Sisi tutakaofika 90 na tuonekane hivyo hivyo, mbele ya mdhamini, mbele ya mama zao wachezaji. Namba ikivuka 60 iandikeni kwa wino mwekundu, wino huo mnao, ndio ule mliotumia kwenye neno "WASUSA". Mkifanya hivyo kwa msimu mmoja, mimi nitajiandikisha kulipia gazeti mwaka mzima kwa mkupuo, na nitawashawishi wale arobaini wa pembeni ya geti.

Naambatanisha nakala ya tiketi yangu, ambayo mashine inasema ilishatumika. Mkimpata aliyekalia kiti changu kile kipindi cha kwanza, mwambieni nataka anisimulie lile bao.

Na lile bao la nne, la mwaka ule, lilikuwa la kuotea. Sahihisho hamjaliweka mpaka leo.

Mwanachama wa miaka 27,
Jukwaa la jua