Usaha sikioni usizoeleke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Kirumba, Igombe na mialo mingine ya Mwanza. Mtoto akitoka usaha sikioni tunasema ataacha akikua, tunamkamulia majani au kumtia mafuta vuguvugu, kisha tunamwacha ashinde ziwani. Mara nyingi ngoma ya sikio imetoboka, na maji yakipita kwenye tundu hilo yanaingiza vijidudu ndani. Usikivu unapungua, darasani anaitwa mtukutu kumbe hasikii.

Tundu dogo, hasa la kofi au njiti, huweza kuziba lenyewe ndani ya wiki au miezi michache sikio likitunzwa kavu. (Nanyi mnaopiga watoto makofi ya sikio, acheni jamani.) Lisipoziba, upo upasuaji. Daktari huchukua kipande chembamba cha utando unaofunika msuli wa juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe, akakipachika kwenye tundu kama kiraka, na ngoma ikaota juu yake. Kabla ya hapo hupenda sikio liwe limekauka. Baadaye ni kutopenga kamasi kwa nguvu, kukinga maji wakati wa kuoga, na hakuna kupiga mbizi mpaka daktari aruhusu.

Wengine wanaogopa ubongo utaguswa. Upasuaji huu hauendi huko.

Naiomba Wizara ya Afya ilete wapimaji wa masikio katika shule za msingi za mialoni na visiwani Ukerewe, maana nauli tu ya kufika mjini inazishinda familia nyingi.

Mzazi, Kirumba, Mwanza